Sekunde Nne za Kitambaa

Kabla ya kurekodi sauti ya mtu yeyote, Mwalimu alizima friji. Chumba tulichopewa na chama kimoja cha wakimbizi pale Etterbeek, Ubelgiji, kilikuwa zamani jiko la ofisi, na friji yake ilinguruma kiasi cha kuharibu kila neno. Basi alichomoa waya, akafungua mlango, akaweka funguo za nyumba yake juu ya maziwa, akafunga. Kwa njia hiyo hakuweza kwenda zake bila kukumbuka kuiwasha tena. Alisahau mara moja tu katika miaka yote niliyofanya naye kazi. Akarudi kwa basi kufuata funguo, akakuta maziwa yamechacha, akayamwaga huku akijitukana kwa Kifaransa.

Zamani, huko Lubumbashi, aliwahi kuwa mtangazaji wa redio. Nililijua hilo kwa ujanja wa friji na kwa namna alivyopima kwa kiganja nafasi kati ya mdomo na kinasa sauti. Mwenyewe hakuniambia. Mwanamke aliyewafanya wenzake ishirini na zaidi waeleze maisha yao hakuwahi kueleza yake hata kwa nusu saa. Ukimuuliza, alikuwa na jibu moja.

"Mi hapana. Mi niko muntu wa kusikiliza tu."

Kazi yetu ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kila Alhamisi walikuja wanawake wa Kihazara, watu wa milima ya katikati ya Afghanistan, ambao wengi wao walikuwa wamekaa miaka Quetta, Pakistan, kabla ya kufika Ubelgiji. Kila mmoja alitengeneza filamu ya dakika tatu kwa simu yake: picha zake, sauti yake, maneno yake. Mwalimu alifundisha namna ya kusimulia. Mimi nilikaa kwenye kompyuta na hedifoni masikioni, nikikata na kuunga. Mimi ni Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, na Kiswahili changu kilinyooshwa na shule ya kambini Kigoma. Siku nyingine za juma nilikuwa, na bado ni, mfanyakazi wa nyumba ya wazee. Huwaogesha, huwavalisha, huwasikiliza wakiniita kwa majina ya mabinti zao.

Katika karatasi za chama kazi yetu ya Alhamisi iliandikwa kwamba ni kuwapa wanawake wakimbizi sauti. Mwalimu aliposomewa sentensi hiyo mkutanoni alivua miwani.

"Sauti banayo," alisema. "Njo masikio inakosa."

Hawakuibadilisha sentensi. Naye akatia sahihi, kwa sababu bila karatasi hatungepata chumba.

Alikuwa na sheria tatu tu na alizirudia kila Alhamisi hadi nikawa nazisikia nikiosha sakafu kazini. Ya kwanza, kila hadithi ianze na jina la mwenyewe. Ya pili, dakika tatu, isizidi hata pumzi moja. Ya tatu, mwenye hadithi aione filamu yake mpaka mwisho, aseme imekwisha, na baada ya hapo asiiguse mtu.

"Histoire ni ya nani? Ni ya weye. Donc ni weye unasema fini. Si mi, si huyu mutoto wa Buja na ciseaux yake."

Mtoto wa Buja ni mimi, nikiwa na miaka arobaini na moja na magoti yanayolia nikipanda ngazi. Mkasi ni kompyuta.

Sheria ya jina ilimletea shida, na nilimwambia mapema kwamba itamletea. Wale wanawake hawakuzoea kutaja majina yao mbele za watu. Waliitana mama wa fulani, kama tunavyoitana sisi Buyenzi, na kama walivyoitana hata huko kwao Mwalimu, ila yeye alijitia hamnazo. Juma la kwanza walikaa kimya kwa robo saa nzima. Mwalimu hakuwasaidia. Alimenya chungwa, akaligawa vipande, akampa kila mmoja. Mwishoni mama mmoja mnene alisema jina lake, akacheka, akafunika mdomo kwa mtandio. Mwenzake wa pili naye akasema la kwake. Jioni ile Mwalimu alitembea kwenda kituo cha basi akiimba, na sauti yake ya kuimba, niseme ukweli, ilikuwa mbaya sana kwa mtu wa redio.

Alipenda uhuru wa watu na alitutawala kama afisa wa forodha. Alisema hadithi ni ya mwenyewe, kisha akasimama nyuma yangu na kunigonga bega: "Kata. Kata tena. Iko na mafuta mingi." Hakuvumilia muziki wa huzuni. Mwanamke akilia wakati wa kurekodi, alisubiri, hakumshika mkono, hakumpa kitambaa cha karatasi. Akimaliza kulia alimuuliza rangi ya mlango wa nyumba aliyoiacha. Mwanzoni nilidhani ni ukatili. Baadaye nikaona kwamba yule mwanamke, akishafikiria rangi ya mlango, alianza kusema mambo ambayo mtu angeweza kuyaona kwa macho. Mwalimu alikuwa Mkristo wa kusali kimyakimya kabla ya kila kipindi, kichwa chini, na alijifunza kusema salamu yao, akaitamka vibaya kila Alhamisi hadi ya mwisho. Wanawake walimwita moalem. Neno hilo halikuwa mbali na letu, kwa hiyo aliitika bila kufikiri.

Huruma aliichukia. Kuna mgeni mmoja alikuja kututembelea, akainamisha kichwa, akasema wanawake hawa ni mashujaa. Mwalimu alimpa ufagio. Si kwa hasira. Alisema tu kwamba makombo yamebaki chini ya meza na yeye ndiye aliyekuwa amesimama.

Sasa nimfikie Mama Zahra.

Alikuwa mwembamba, wa miaka thelathini hivi, mwenye kukaa karibu na mlango. Binti yake Zahra alikuwa amebaki Quetta kwa mama mkwe. Mumewe alipofariki, ukoo wa mume ulitaka aolewe na shemeji yake. Alikataa, akatoroka, na mtoto akazuiwa. Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kukata kila kitu. Kila Ijumaa alimruhusu Zahra kuongea na mama yake kwa simu, dakika kumi, kwa sharti moja: mama asiseme kwa watu yaliyotokea. Majirani waliambiwa kwamba yuko Iran kwa kaka yake, na uwongo huo ndio ulioilinda heshima ya nyumba. Siku akiwaaibisha, simu ingekoma.

Pamoja na hayo alitaka kutengeneza filamu. Alitaka Zahra, akikua, aisikie hadithi kutoka kwake na si kwa wengine. Mwalimu alikaa naye Alhamisi tatu wakipanga namna ya kuificha. Sura isionekane. Maneno yasomwe na mwanamke mwingine. Jina lisitajwe. Ilikuwa mara ya pekee Mwalimu kuivunja sheria yake ya kwanza, na aliivunja bila kuombwa.

"Huyu anaanza na jina siku ingine," alisema. "Jina iko inamungojea."

Basi filamu ikawa na mikono inayokanda unga, dirisha lenye mvua, viatu mlangoni. Mama Zahra aliitazama mpaka mwisho, Alhamisi, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Imekwisha.

Siku iliyofuata nilikaa peke yangu kuiandaa kwa ajili ya maonyesho, nikaona kwamba kuna mahali sauti inaendelea na picha imekatika. Sekunde nne za giza. Huenda yeye hakuziona kuwa kosa. Mimi niliziona, na ziliniwasha kama chawa. Na kwenye simu yangu nilikuwa na picha.

Niliipiga majuma mawili nyuma. Mama Zahra aliingia msalani kutawadha, akaacha juu ya meza kitambaa chake cha kusalia, kidogo, cha ukubwa wa kitabu, ambacho hufungia kile kipande cha udongo wanachosujudia watu wa madhehebu yake. Sisi Buyenzi tunasujudu juu ya mkeka, basi. Kilikuwa kimetariziwa viganja viwili na kuba, nyuzi nyekundu, mshono mdogo hadi huoni sindano ilipopita. Pembe moja tu ilikuwa ya buluu. Nilikiona kizuri kuliko kitu chochote nilichokiona mwaka ule. Nilidhani ni cha kununua, kwamba kila mwanamke wa kwao anacho kama kila nyumba kwetu ilivyo na birika la kutawadhia. Nikapiga picha, sikumwambia. Siku ile ya Ijumaa nikaiweka pale penye giza. Sekunde nne.

Filamu zilionyeshwa Jumamosi, ukumbi ukajaa. Mama Zahra hakuja, kwa tahadhari. Kitambaa kilipotokea, Mwalimu aligeuka kwenye kiti, akanitafuta kwa macho, akatabasamu. Alidhani mwenyewe ameniruhusu. Juma lililofuata chama kikaziweka filamu kwenye ukurasa wake.

Mshono ule Mama Zahra alifundishwa na mama mkwe mwenyewe. Uzi mwekundu uliisha siku Zahra alipozaliwa, ikabidi pembe ya nne imaliziwe kwa buluu, na aliyetoa uzi wa buluu ni huyo huyo mama mkwe. Haikuhitajika sura. Haikuhitajika jina. Mtu wa Quetta aliyempelekea ile filamu hakujua hata anampelekea nini.

Ijumaa moja simu haikuita. Iliyofuata haikuita. Kisha ukaja ujumbe wa shemeji, mistari miwili, kwamba mtoto hana mama.

Chama kiliita kikao. Mama Zahra alikaa karibu na mlango kama kawaida yake, mwenzake mmoja akimtafsiria. Filamu ilikuwa imeshaondolewa. Bibi aliyeongoza kikao aliuliza swali moja, kwa upole: nani aliweka picha ile baada ya mwenyewe kusema imekwisha?

Mimi nilikuwa nakunja nyaya. Nyaya hukunjwa kwa kufuata mzunguko wake, ukilazimisha zinakatika ndani. Nilisikia swali, nikaendelea kukunja.

"Ni mi," Mwalimu alisema. "Mi njo nilipitisha. Mi njo chef hapa."

Aliyasema kwa sauti ya redio, iliyonyooka, bila kuniangalia. Nilikunja waya wa pili. Nilikunja wa tatu. Sikuhisi kitu. Watu husema moyo ulidunda, jasho likatoka. Mimi sikupata hata hayo. Nilikaa ndani ya mwili wangu kama mtu aliyekalia mguu wake muda mrefu, anauona uko pale, anaugusa, na hausemi. Nikabaki hivyo tangu siku ile.

Mwalimu aliambiwa asirudi. Alichomeka friji, akatoa funguo zake, akavaa koti. Mlangoni aliniambia neno moja la kazi, kwamba hedifoni ya kushoto ina kelele, niibadilishe. Hakuniambia zaidi, siku ile wala baadaye. Na mimi sikumpigia simu.

Nikarudi kwa wazee wangu juma zima. Alhamisi nilichukua zamu ya mchana ili zisinikute nyumbani. Miaka miwili.

Mwaka huu, mwanzoni mwa vuli, nilikuwa ndani ya basi kwenye Chaussée d'Ixelles, nimesimama, nimebeba ndizi. Kiti cha mbele yangu alikaa mwanamke mwenye mfuko wa nyuzi mapajani. Nilizitambua kwanza nywele, zilizokatwa karibu na kichwa, sasa nyeupe zote. Alinitazama kutoka viatuni hadi usoni.

"Ulisha kukonda, mutoto wa Buja. Banakukulisha nini kule kwa ba vieux?"

"Supu, Maman."

"Supu." Alisogeza mfuko ili nipate pa kuweka ndizi. "Jeudi niko kwa Mama Zahra, Auderghem. Kuya. Saa ya quatorze heures."

Nikasema Alhamisi nina zamu. Akasema anajua. Alishuka kituo kilichofuata, akishika vyuma kimoja baada ya kingine, na sikumbuki kwamba zamani alishuka hivyo.

Nilienda. Nilibadilishana zamu, nikashuka metro kituo cha mwisho, nikatembea hadi jengo la ghorofa nne ambalo nyuma yake unaona miti ya msitu. Mama Zahra alifungua mlango. Alikuwa ameongezeka mwili kidogo, na Kifaransa chake kilikuwa kimekomaa, hakuhitaji tena wa kumtafsiria. Aliniambia nivue viatu, akanipa chai yenye iliki.

Mwalimu alikuwa sakafuni kwenye godoro jembamba, mgongo ukutani, miwani kwenye ncha ya pua, anatarizi. Alikuwa anatarizi vibaya sana. Mshono wake ulipanda na kushuka, na nyuma ya kitambaa nyuzi zilifungana kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa. Mama Zahra alikuwa anakichukua, anafumua, anamrudishia bila kusema. Nikajua kwamba ndivyo Alhamisi zote za miaka miwili zilivyopita. Yule aliyetufundisha wote kusema alikuwa anakuja pale kunyamaza.

Simu ya Mama Zahra ilikuwa juu ya meza. Aliniona naiangalia. Akaifungua, akanionyesha. Kila Ijumaa alikuwa amemtumia Zahra ujumbe wa sauti, mmoja mmoja, mstari mrefu wa jumbe unaopanda hadi kidole kinachoka. Pembeni ya kila mmoja kulikuwa na alama moja ya kijivu. Hakuna uliofika.

"Ana miaka kumi na miwili sasa," alisema. Aliifunga simu. "Moalem anasema nisiache. Kwamba siku simu ile ikiwashwa, zitaingia zote pamoja."

"Iko inaningojea," Mwalimu alisema bila kuinua kichwa, akimaanisha nyuzi zake, au sijui alimaanisha nini. Kisha akaweka sindano chini, akaenda jikoni polepole. Nilisikia friji ikiacha kunguruma. Nilisikia mlango wake ukifunguliwa, na mlio mdogo wa funguo juu ya kitu cha kioo, na mlango ukifungwa.

Alirudi na simu yake mwenyewe. Akaiweka mbele yangu, akapima kwa kiganja.

"Maman," nilisema, "ulijua?"

"Niko na macho."

"Mbona hukusema?"

"Histoire si ya mi." Akabonyeza. Namba nyekundu zikaanza kwenda. "Trois minutes. Anza na jina."

Niliona mikono ya Mama Zahra ikisimama. Ningeweza kunywa chai. Ningeweza kusema zamu inaniita. Nilisema jina langu, la baba yangu, na la mtaa wetu. Nilisema kwamba kitambaa chake nilikipiga picha mezani wakati yeye anatawadha. Nilisema picha ni yangu, Ijumaa ni yangu, sekunde nne ni zangu, na kwamba kwenye kikao nilisikia swali na nikaendelea kukunja nyaya. Nilisema Mwalimu hakujua lolote hadi aliponiona sijibu. Haikufika dakika tatu. Katikati vidole vyangu vilianza kuuma, kama ganzi inavyouma inapotoka, na nilivikalia ili nimalize.

Mama Zahra alipitisha kidole kwenye mshono aliokuwa anafumua. Nje mtu alikuwa anakokota pipa la taka. Mwalimu hakusaidia. Hakuwa na chungwa.

"Ulikipenda?" Mama Zahra aliniuliza. "Kitambaa. Ulikiona kizuri?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nilikipiga picha."

Alifikiria hilo. Akainuka, akavuta droo ya kabati, akatoa kitambaa kingine, akakitandaza juu ya magoti yangu. Kilikuwa na kuba na viganja vilevile, lakini nyuzi zilikuwa za kijani, za dukani huku, na pembe zote nne zilifanana. Alikitarizi kwenye kituo cha wakimbizi, alisema, majira ya baridi ya kwanza, alipokuwa anangoja karatasi. Hakuna mtu Quetta aliyewahi kukiona.

"Kilikuwa kwenye mfuko wangu siku ileile," alisema. "Ungeniuliza, ningekupa hiki."

Namba nyekundu zilikuwa bado zinakwenda. Mwalimu aliinama, akazisimamisha, akanisukumia simu.

"Bon. Ni ya weye," aliniambia. "Unafuta ao unaacha?"

Nikamwambia aiache. Akaenda jikoni kuchukua funguo.